Kibodi Inapita

Ukitaka kujua kama msichana wa Magongo alisomea taipu kwa Mwalimu, mfunike mikono kwa leso ya kujifunga kisha umwambie aandike. Akilalamika, alisomea kwingine. Akiendelea kuandika huku anakutazama usoni na kukuuliza habari za nyumbani, huyo ni wa Mwalimu.

Mimi nilikuwa jirani yake, mwanamke mwenzake. Duka langu la ushonaji na shule yake vilitenganishwa na ukuta wa plaiwudi, tangu miaka ya themanini hadi ile ya tisini inakaribia kwisha. Upande wangu ilivuma cherehani, upande wake zilipigwa taipureta, na wateja wangu walijua kwamba kipimo cha kiuno kitatajwa kwa sauti kubwa hata kama mwenye kiuno anaona haya. Aliniita Fundi. Mimi nilimwita Mwalimu, kama walivyomwita wote, pamoja na mwanawe wa kumzaa. Kila alipofungua darasa jipya alichungulia mlangoni pangu akasema, "Fundi, kiti chako kitupu," nami nikamjibu kwamba mikono yangu ina kazi tayari. Hakukasirika. Alikwenda zake, akarudi darasa lililofuata na maneno yale yale.

Neno lake kuu lilikuwa "Keti wima." Aliwaambia wanafunzi, aliwaambia wazazi waliowasindikiza, na siku moja nilimsikia akimwambia chifu, aliyekuja kwa shughuli zake za serikali akajimwaga kitini kama yuko kwake. Chifu akaketi wima. Mwalimu aliamini kwamba mtu aliyepinda mgongo hawezi kuandika barua ikanyooka, na kwamba makosa mengi ya ofisi za bandarini yanaanzia kiunoni. Yeye mwenyewe aliketi na mguu mmoja ameukunja chini yake, bega limelala upande, shavu limetuna kwa mabuyu.

Hayo mabuyu ni habari nyingine. Ubaoni iliandikwa kwa chaki kwamba ni marufuku kula darasani. Chini ya meza yake kulikuwa na mfuko wa mabuyu usiokwisha, yale mekundu ya pilipili, na vidole vyake havikuwahi kurudi rangi yake. Kila karatasi aliyoisahihisha ilirudi na doa jekundu la kidole pembeni, wasichana wakaliita muhuri. Asiyepata muhuri alijua kazi yake haijasomwa, na alirudi kuudai.

Kama kulikuwa na kitu kilichoweza kumfanya afunge shule kabla ya wakati, hakikuwa mvua wala mgomo wa matatu. Kilikuwa mieleka ya televisheni. Mwanamke huyu aliyeswali vipindi vyote, asiyepaza sauti darasani hata mtu akivunja mashine, alisimama mbele ya televisheni ya hoteli ya jirani akamfundisha jitu zima la Kizungu, lililovaa chupi tu, namna ya kumkaba mwenzake. "Mshike shingo, mjinga weye. Shingo." Mchezo ukiisha alijitanda buibui lake, akaaga watu mmoja mmoja kwa adabu, akaenda nyumbani kama anayetoka matangani.

Lakini kilichompa jina ni leso. Kila mwanafunzi mpya aliambiwa aje na yake, na isiwe mpya, kwa sababu leso mpya hukakamaa na kuteleza. Alitaka iliyokwisha fuliwa ikalegea. Aliitandika juu ya mikono ya mwanafunzi na juu ya taipureta, ukabaki unaona maua na maandishi ya leso tu, huku vidole vinahangaika chini yake kama kuku waliofunikwa tenga. "Mato ni ya kusomea," alisema. Macho aliyaita mato, kama wazee wa Mvita. "Si ya kutafutia herufi. Herufi haziendi popote." Wavulana waliona haya kubeba leso za dada zao. Wiki ya kwanza walizificha ndani ya shati, wiki ya pili walizitupia begani, na baadaye wakaanza kubishana ya nani ina maneno mazuri zaidi.

Kompyuta zilipoanza kuenea Changamwe, wengi wetu tulidhani Mwalimu amekwisha. Ofisi ziliacha kuuliza kama msichana anajua taipu, zikauliza kama anajua kompyuta, na zile taipureta zake zikaanza kulala na vumbi. Yeye akapata kompyuta nne kutoka ofisi moja ya mizigo iliyokuwa ikinunua mpya. Zilikuwa nzito, rangi yake kama meno ya mvuta sigara. Nilizishonea vifuniko kwa vipande vilivyobaki vya sare za shule, na zilipopangwa pamoja zilionekana kama watoto wa darasa la nne wanaosubiri kuimba. Kompyuta zenyewe zilistahimili. Zilizokufa ni kibodi, moja baada ya nyingine, kwa vumbi la malori ya Magongo Road, kwa jasho la vidole, na moja kwa kikombe kizima cha chai ya maziwa ambacho mpaka leo hakina mwenyewe. Ikabaki kibodi moja iliyokosa herufi kadhaa.

Wakati huo huo magoti yake yakavimba. Kutoka meza hadi meza ikawa safari. Mwanawe, kijana mwenye heshima aliyefanya kazi ya mizigo huko Airport na kuishi Kisauni, aliona hilo ndilo jibu lenyewe. Alikuja mwisho wa kila wiki, akampa mama yake mkono, akaubusu, kisha akaanza.

"Mwalimu, umefundisha vya kutosha. Ndoo nyumbani upumzike."

"Nimekwambia nimechoka?"

"Magoti yako yasema."

"Basi nenda nayo magoti, mimi uniache."

Alimjibu kwa mzaha, naye mwana akacheka na kurudi tena wiki iliyofuata. Ila mimi nilikuwa upande wa pili wa plaiwudi. Siku moja, kijana alipokwisha ondoka, Mwalimu alinena pale ukutani kwa sauti ndogo nisiyoizoea. "Fundi, yule mtoto anipenda, najua. Lakini mimi nikikosa mtu wa kumfundisha, sijui niamkie nini asubuhi." Nilisimamisha cherehani.

Aliyemwokoa ni mmoja wa wasichana wake wa zamani, aliyekuwa karani Dubai. Alikuja likizo, akamkuta Mwalimu ameketi katikati ya chumba anapiga kelele kwa watu wa pembeni: rudi nyuma, futa hapo, si hapo. Likizo ya pili alikuja na sanduku. Ndani yake mlikuwa na kibodi isiyo na waya na kipanya kisicho na waya, vinavyotumia betri, pamoja na kidude kidogo cha kupokea yale yanayopigwa. Akaleta pia kisanduku cha bati chenye kitufe cha kuzungusha, kama kile cha kutafutia stesheni kwenye redio ya zamani, kimeandikwa A, B, C, D. Kidude kikaunganishwa na kisanduku, na kutoka kwenye kisanduku zikatoka nyaya kwenda kwenye kompyuta zote nne. Ukizungusha kitufe kwenye A, unayoyapiga yanakwenda kompyuta ya kwanza. Ukikipeleka kwenye D, yanakwenda ya mwisho, kule dirishani. Na kibodi yenyewe umeipakata tu mapajani.

Zama hizo wengi wetu hatukuwa tumeona hata simu isiyo na waya, seuze kibodi. Hoteli nzima ilihamia mlangoni kutazama. Mwuza kahawa aliinama chini ya meza kutafuta waya, akasimama, akainama tena, kisha akasema, "Wallahi, mimi sitaki kujua," akachukua dele lake la kahawa akaenda.

Hapo ndipo ulipoanza mtindo uliojulikana Magongo nzima. Wanafunzi wanne waliketi kila mmoja mbele ya kompyuta yake, Mwalimu katikati kwenye kiti chenye mto, kisanduku kiko kwenye kigoda kando yake. Alitangaza, "Kibodi inapita," na kibodi ikaanza kwenda mkono kwa mkono kama kikombe cha kahawa barazani. Ilipomfikia mtu, Mwalimu alizungusha kitufe kwenye herufi yake, leso ikatandikwa, mtu akaandika. Wenzake walingoja mbele ya vioo vya kompyuta vilivyotulia. "Kabla haijakufikia, andika kichwani," aliwaambia. "Ikija kwako uwe umejaa." Na kweli walijaa. Nilisikia kupitia plaiwudi kimya kirefu, kisha mvua ya vidole, kisha kimya tena. Maofisini walisifiwa kwamba hawagusi kitu mpaka wajue wanataka kusema nini. Mwalimu akasema kwingine kila mtu ana kibodi yake, lakini hana la kuandika.

Kipanya hakukipenda. Alikiita panya waziwazi, akakishika kwa vidole viwili kama anayetoa kitu kilichoangukia mchuzini, na aliamini kwamba mkono ukishaacha herufi kwenda kuzurura naye, haurudi na adabu zake. Betri, kwa upande mwingine, alizipenda kupita kiasi. Zikichoka hakuzitupa. Alizipanga kwenye ungo akazianika juani, na kwa kuwa jua la asubuhi lilikuwa upande wangu, ungo ulikaa mlangoni pangu. Wateja wakaniuliza kama siku hizi nauza.

Kosa kubwa la shule ile lilitokana na kitufe. Mama mmoja wa Chaani alileta kadi za mwaliko za harusi ya bintiye zichapwe. Mwalimu aliziandika mwenyewe kwenye kompyuta ya C, iliyounganishwa na printa na siku hiyo haina mwanafunzi, kisha akaitwa nje na mtu. Huku nyuma zamu ikamfikia msichana mmoja aliyeketi A. Kitufe kilikuwa bado kwenye C. Msichana alipoona Mwalimu hayupo, akaona afadhali kufanyia mazoezi jambo lenye faida, akamwandikia kijana wake, tanboi, msaidizi wa dereva wa lori. Na alifanya kama alivyofundishwa: mikono chini ya leso, mgongo wima, macho mbali na kila kitu. Alitazama mlango. Hakutazama kioo chake wala cha mwenzake mpaka alipomaliza, akakuta chake cheupe, akadhani mashine imekataa, akashukuru Mungu na kupitisha kibodi.

Kadi zikachapwa, zikakatwa, zikagawanywa. Chini ya jina la bibi harusi, na saa, na mahali, palikuwa na mstari huu: usisahau kuvaa ile shati ya buluu, ndiyo nipendayo.

Mimi nilishona mashati ya buluu wiki nzima bila kuelewa kumetokea nini. Wanaume wazima walikuja na vitambaa, wana haraka, wananiambia ni sare ya harusi. Siku yenyewe, upande wa wanaume ulikuwa buluu tupu, wazee kwa watoto, na watu wakasema hawajaona harusi iliyopangika kama ile. Mama wa bibi harusi, aliyekuwa ameligundua kosa akaja shuleni kugomba, kadi mkononi, alirudi baada ya harusi na sinia ya halua.

Mwalimu alimwita yule msichana mbele ya meza. Nikasogea karibu na plaiwudi.

"Huyo wa shati, ana adabu?"

"Anayo, Mwalimu."

"Mwambie aje nimwone. Na wewe siku nyingine, kabla hujamwaga moyo, tazama kitufe kiko wapi."

Mwanawe hakuwa amekata tamaa. Mwaka ule magoti yalipozidi, alisema wazi kwamba atakuja kuzichukua kompyuta azipeleke kwake Kisauni, maana alijua zikienda, mama yake atazifuata. Akaja kweli, alasiri isiyokuwa na darasa, na mtu wa mkokoteni nyuma yake. Nilipowaona wanaingia, uzi wangu uliisha ghafla, ikabidi niende kuomba kwa jirani.

Chumba kilikuwa kitupu. Nyuma ya pazia palikuwa na kitanda alichojinyoosha magoti yakimsumbua, lakini hapakusikika kitu. Kijana akaenda kwenye kompyuta ya kwanza, akaivua kifuniko changu. Ilikuwa imewashwa. Alipoinama kutafuta waya wa umeme, herufi zikaanza kutokea kwenye kioo, moja moja, bila haraka.

HUJAAMKIA WATU.

Mtu wa mkokoteni alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, anasoma Ayatul Kursiy. Kijana alibaki ameinama. Alitazama kioo, akatazama meza isiyokuwa na kibodi, akanitazama mimi. Nikatazama dari. Mwishowe akajikohoza na kukiambia kioo, "Shikamoo, Mwalimu."

MARAHABA. RUDISHA NGUO YA WATU.

Alicheka mpaka akaangukia benchi, mikono usoni, mabega yakimtikisika. Nyuma ya pazia ikatoka sauti, tulivu kabisa: "Keti wima."

Akaenda kwake nyuma ya pazia. Mwalimu alikuwa amelala na kibodi kifuani, kama wengine wanavyolala na redio.

"Mimi nakuogopea, Mama," nikamsikia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo.

"Najua. Lakini magoti hayaandiki, mwanangu. Niache mpaka mwenye nyumba atake vyumba vyake. Akivitaka, nitakuja mwenyewe, hutaniita."

Yakawa makubaliano. Kijana alimlipa mtu wa mkokoteni kwa usumbufu, akakirudisha kifuniko, akakivuta vizuri pembeni. Mwalimu akaendelea kufundisha kwenye kiti chake chenye mto, na kibodi ikaendelea kupita. Nilifurahi kama niliyeshinda mimi.

Mwenye nyumba alivitaka vyumba vyake muongo ule ukielekea mwisho. Alitaka kujenga ghorofa. Mimi nilihamia ng'ambo ya barabara, naye Mwalimu akatimiza neno: akaenda Kisauni bila kuitwa, na kompyuta nne nyuma ya pikapu zimevaa vifuniko vyangu. Aliniachia ule ungo.

Nilimtembelea sikukuu ya Idi. Mke wa mwanawe, binti mkarimu, alinipakulia pilau mpaka nikaomba dua ya kushiba, kisha akanisogelea jikoni.

"Hapa hakuna anayekuja, Mama. Vijana waenda vyuo vya mjini, kila mmoja na kibodi yake. Mwenyewe hasemi kitu. Lakini kila asubuhi aoga, avaa, awasha mashine, aketi."

Nilipata uchungu. Nilimkumbuka pale ukutani akiniuliza ataamkia nini, na mimi na cherehani yangu tulivyonyamaza.

Nilimkuta chumbani, kompyuta nne ukutani, moja inawaka. Alikuwa amepungua mwili, shavu bado limetuna. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za Magongo yote, nyumba kwa nyumba. Nikamwambia yule msichana wa kadi aliolewa na tanboi wake, na sasa mume ni dereva. Akacheka. "Alivaa buluu?" Nikamwambia alivaa. Akafurahi kana kwamba amepokea zawadi.

Nje watoto walikuwa wakipita na nguo zao za Idi, nyingine ningeweza kuzishona vizuri zaidi. Mwalimu akanyoosha mkono kwenye kigoda, akazungusha kile kitufe, kikalia kak kak mpaka kwenye A.

"Fundi," akasema, bila kunitazama. "Kiti chako kitupu."

Jibu langu lilikuwa mdomoni tayari, lile la miaka yote. Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa imelala juu ya mapaja, haina kitu. Nikaenda nikaketi.

Aliniwekea kibodi mapajani. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoidhania. Akaniondolea leso begani, akaikunjua, akaikung'uta, akanifunika nayo mikono mpaka viwikoni.

"Niandike nini, Mwalimu?"

"Andika kichwani kwanza."

Nikaandika kichwani. Haikuwa ndefu. Kisha nikaanza kupapasa kule chini, kama ninayetafuta sindano iliyoanguka gizani, na nilipojaribu kuinamia leso akaniambia, "Mato huku." Nikamtazama usoni. Alikuwa anatazama kioo, anangoja kila herufi, midomo inamcheza. Miaka yote ile nilimsikia akifundisha, lakini sikuwahi kumwona usoni anapofundisha. Nilimaliza nikamwambia nimemaliza.

Alisoma kwa muda. Nusu ya herufi hazikuwa nilizozikusudia, lakini salamu ilisomeka kwa mtu mwenye nia njema. Akajiinua kwa shida kidogo, magoti yakamlalamikia, akaweka kidole pembeni mwa kioo, akakikandamiza pale. Alipokiondoa, doa jekundu lilibaki.

"Marahaba," akasema. "Keti wima. Kesho waja saa ngapi?"

Nikamwambia kesho nina suti ya mtu, na kutoka Magongo hadi Kisauni si karibu, labda Jumatatu.

Akasema Jumatatu nisichelewe, na nije na leso yangu hiyo hiyo, maana imefuliwa vizuri.